Kisanduku Alichofichwa Nyaruai

Surua ikimpata mtu mzima humtesa kuliko mtoto, na wivu nao ni hivyo hivyo. Wakoli aliupata akiwa amekwisha kuvuka arobaini, baba wa watoto watatu, mwimbaji wa sauti ya besi kanisani, na hakuwa na kinga yoyote mwilini. Tangu utotoni hakuwa na mtu wa kumwonea wivu. Kule kwao Kabuchai, katikati ya mashamba ya miwa, yeye ndiye aliyekuwa akiwachorea wenzake ramani na moyo wa binadamu na ua lililopasuliwa, na walimu walimpa alama zake na kumpigia makofi juu. Mtu aliyezoea kupigiwa makofi hajui la kufanya siku yanapopigiwa mwingine.

Kazi yake ilikuwa Kitale, katika karakana ya Mzee Gicheru iliyoko nyuma ya maduka ya pembejeo. Pale hutengenezwa mashine za kupukuchua mahindi, za kukata majani ya ng'ombe na za kusaga. Wakoli alipoajiriwa alikuta mafundi wakichora mashine kwa chaki sakafuni. Mvua ikivuja paani, au mbuzi wa jirani akipita, mguu mmoja wa mashine ulitoka mfupi kuliko mwenzake na mteja akarudi na matusi. Ni yeye aliyembembeleza Mzee mpaka ikanunuliwa kompyuta kuukuu, na ni yeye aliyejifunza, bila mwalimu, ile programu ya kuiona mashine ikifanya kazi kabla ya chuma hata kimoja kukatwa.

Programu hiyo ina tabia yake. Vitu unavyovichora ndani yake havijuani. Chora gurudumu, chora na ukuta, kisha amuru gurudumu libingirike: litapita ndani ya ukuta kama pepo na kutokea upande wa pili. Ni lazima uiambie kompyuta kwamba hiki na hiki vikikutana, vigusane. Hilo ni la kwanza. La pili ni kuiambia vikigusana, vishikane kiasi gani, maana chuma chenye grisi si sawa na chuma kikavu, wala hindi bichi si sawa na hindi la juzi. Kipo kwa ajili ya hilo la pili kisanduku kidogo cha msuguano, na kisanduku hicho huwa hakina alama. Usipokitia alama, kompyuta huchukulia kwamba dunia nzima imepakwa sabuni.

Wakoli aliyajua haya yote, na mafundi wakampa jina la Injinia. Alikuwa na diploma tu, lakini nani anauliza? Saa ya chai Mzee Gicheru alikuwa akivuta kiti chake mpaka kando ya Wakoli, wakala mandazi kwenye sahani moja, wakazungumza mambo ya mashine kama ndugu wawili. Kwa miaka mingi kiti kile kilikuwa ndio mshahara wake wa pili.

Basi akaja Rosaline Nyaruai. Msichana wa kutoka ng'ambo ya mji, wazazi wake wakulima waliohamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri kabla hajazaliwa, amemaliza chuo cha ufundi, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika mpaka kwenye lango. Mashine alizijua, programu hakuijua. Mzee akamwambia Wakoli, "Huyu ni wako. Mfundishe kila kitu."

Akamfundisha, tena kwa raha. Nyaruai alimwita mwalimu, na Wakoli alilipenda neno hilo kupita kiasi. Alimwonyesha kuchora, kuunganisha, kusogeza, akamwonyesha jinsi ya kuvifanya vitu vigusane. Walipofika kwenye kile kisanduku, Nyaruai akauliza, "Na hii, mwalimu?"

"Hiyo achana nayo," Wakoli alimjibu. "Ukiiguza mashine itahang."

Wala hakusema uongo siku ile. Kompyuta kuukuu ilikuwa ikiwekewa msuguano, inakoroma kama mgonjwa wa pumu na kuzimika. Yeye mwenyewe alikitumia kisanduku hicho saa za chakula tu, akaiacha ikihesabu polepole huku anakula githeri. Tuseme ukweli basi: ubaya ulianzia baadaye. Mzee alinunua kompyuta mpya yenye nguvu, kisanduku kikawa hakina madhara tena, na Wakoli hakurudi kumwambia mwanafunzi wake.

Kwa nini hakurudi? Kwa sababu kati ya kompyuta ya zamani na ile mpya, kiti cha Mzee kilikuwa kimehama. Kilihama kidogo kidogo. Kwanza kilikaa katikati yao wawili, kisha kikaegemea upande wa Nyaruai, na asubuhi moja Wakoli alinyanyua macho akaona mandazi yako kwenye meza nyingine. Halafu akamsikia Kemboi, fundi wa kuchomelea, akiita kutoka uani, "Injinia! Hii kona tunaipinda aje?" Wakoli akainuka kwenda. Kemboi akacheka, "Si wewe bana. Huyu msupa."

Wakoli alikaa chini. Alihisi kifua kimebanwa kama mtu aliyemeza kiazi kitamu bila maji. Kuanzia siku hiyo kila alichofanya Nyaruai kilimchoma. Akifika mapema, anajipendekeza. Akichelewa, ameanza kiburi. Akimletea chai, anamdharau, anamwona mzee. Kanisani, mchungaji alipohubiri juu ya ndugu waliomwonea mwenzao kijicho, Wakoli aliitikia amina kwa sauti kubwa akimfikiria mtu mwingine kabisa.

Na juu ya moto huo Mzee Gicheru akamwaga mafuta ya taa. Alitangaza kwamba atafungua karakana ya pili mjini Bungoma, na kwamba mmoja wao wawili ndiye atakayekwenda kuisimamia. "Nitaangalia mashine ya akina mama wa Bumula," alisema. "Nyaruai atachora, Wakoli atakagua. Kazi itaniambia yenyewe."

Bungoma! Ili uelewe neno hilo lilivyomwingia Wakoli, jua kwamba mkewe Edinah na watoto walikuwa Kabuchai siku zote hizo, yeye akilala kwenye chumba cha kupanga Kitale na kuonana nao mwisho wa mwezi. Mwanawe wa mwisho alikuwa akimwamkia kama mgeni. Kutoka Bungoma mjini angeweza kulala kwake kila siku, akala kwa mkewe, akakaripia watoto wake mwenyewe. Edinah alipopata habari hiyo kwenye simu alikwisha kuichukua nafasi. "Baba Joy, hiyo ni yako. Nani mwingine? Mimi nishaambia hata mama mkwe." Wakoli hakuthubutu kumwambia kwamba kuna mwingine.

Akina mama wa Bumula, chini ya mwenyekiti wao Nabwile, walitaka mashine ya kupukuchua isiyowalazimu kupanda ngazi wala stuli ili kuimwagia mahindi. Wengi wao hawakuwa warefu, na walichoka kuwaita wanaume. Nyaruai akaishusha. Aliuchukua ule mdomo wa juu unaopokea mahindi, akaulaza, mpaka mwanamke wa kimo chochote akaweza kuinua beseni kifuani tu na kumwaga. Kwenye kompyuta mahindi yaliteleza mdomoni moja baada ya jingine, yakaingia kwenye pipa la meno, punje zikatokea chini. Mzee Gicheru alitazama akapiga paja lake. "Kwa miaka yote hii, kwa nini hatukufikiria hivi?"

Wakoli alitabasamu, na ndani alikuwa analia. Wazo lilikuwa zuri. Hilo ndilo lililomuuma hasa, kwamba lilikuwa zuri na halikuwa lake.

Alhamisi alasiri Nyaruai alimletea mchoro akague. Akavuta kiti. "Mwalimu, niambie ukweli. Iko poa?"

Wakoli akafungua ukurasa wa migusano. Kila kitu kilikuwa kimeunganishwa vizuri, hindi na bati, hindi na pipa, hindi na hindi mwenziwe. Na kisanduku kile, kitupu. Aliona palepale, kama mtu anavyoona nzi kwenye maziwa, kwamba mdomo uliolazwa kiasi kile hauwezi kuteremsha hindi hata moja katika dunia hii yetu isiyo na sabuni. Kidole chake kilikuwa juu ya kipanya. Alama moja tu, na msichana angeona mahindi yake yakikwama kwenye kioo, akacheka kicheko chake, akarekebisha, akaenda Bungoma.

"Iko sawa kabisa," Wakoli alisema. "Sijaona kazi safi kama hii. Wewe sasa umenipita."

Alimvika kilemba cha ukoka, na msichana akakivaa kwa furaha. Machozi yalimlengalenga. "Asante mwalimu. Nilikuwa naogopa sana."

Mashine ikakatwa usiku ule ule, ikachomelewa Ijumaa kutwa. Kemboi, ambaye hakujua kompyuta lakini alijua mabati, aliinama akaichungulia, akasema, "Hii mdomo si imelala sana?" Nyaruai akamwonyesha kwenye kioo jinsi mahindi yanavyoteremka. Kemboi hakuridhika, akamgeukia Wakoli. "Wewe mzee wa kazi unasemaje?"

"Kompyuta imesema," Wakoli akajibu, akaendelea kunoa penseli asiyoihitaji.

Sasa, Mzee Gicheru alikuwa na sheria yake ya kufungua mashine, nayo haikuvunjwa na mtu. Mashine haijaribiwi kwa mahindi karakanani. Hujaribiwa kwa mteja, kwa mahindi ya mteja. Aliyeichora ndiye humwaga mahindi ya kwanza juu, na aliyekagua ndiye hushika gunia chini, pale punje zinapotokea. Mzee aliiweka sheria hiyo baada ya miaka ya kusikiliza watu wakitupiana lawama, kila mmoja akisema mimi sikuwapo. Wakoli aliijua kuliko kanuni ya imani. Ila wivu humfanya mtu kipofu kwa vitu vya ajabu: katika mipango yake yote alikuwa amemwona Nyaruai tu akiwa amesimama mbele za watu na beseni lake. Hakuwa amejiona yeye mwenyewe kule chini.

Jumamosi wakaenda Bumula, si mbali na kwao Wakoli. Akina mama walikuwa wamekusanyika uani kwa Nabwile, wamefunga leso, mahindi yamelundikwa kwenye turubai, mengine yamevunwa jana yake na bado yana ndevu zake mbichi. Wakaombea mashine. Kemboi akawasha injini, ikanguruma. Mzee akampa Wakoli gunia. "Haya, mkaguzi. Shika vizuri."

Wakoli akapiga magoti, akafungua mdomo wa gunia chini ya mashine. Juu, Nyaruai akainua beseni mpaka kifuani bila kunyanyua hata kisigino, na akina mama wakapiga vigelegele kwa kuona tu urahisi huo. Akamwaga.

Mahindi yakakaa. Yalilala mdomoni mle kama watu waliokuja matanga. Nyaruai akasukuma kwa mkono, yakasogea kidogo, yakalala tena. Pipa lilizunguka tupu. Na Wakoli alikuwa amepiga magoti pale chini, gunia limefunguka, hakuna kinachoingia ila upepo, na watoto wa Bumula wameinama kumchungulia.

"Ee, omwana wefwe," Nabwile akamwita mwana wetu kwa lugha ya kwao, akijua ni mtu wa pale, "unashika gunia ya nini? Hii mahindi imekataa kutelemka."

Watu wakaangua kicheko. Walimcheka yeye! Nyaruai alikuwa ameshughulika na mashine, ameinama, hana nafasi ya kuchekwa. Aliyeonekana ni mwanamume mzima, mwenyeji, anayeomba punje kwa mashine kama anayekinga sadaka. Masikio yakamwaka moto. Nyaruai akazima injini, akaja mbele, uso umemvimba kwa aibu, akasema mbele ya wote, "Ni kosa langu mimi nilichora. Mwalimu, tafadhali, nimekosea wapi?"

Hapo ndipo Wakoli alipokuwa na nafasi ya kunyamaza. Angetikisa kichwa tu, akasema hata yeye anashangaa, na pengine mambo yangekwisha hivyo. Lakini alikuwa amechekwa. Alikuwa amechekwa kwao, mbele ya mama ambaye huenda anamjua mamake, na roho yake haikutaka kitu kingine duniani ila watu wale wajue kwamba anajua. Neno likamtoka kabla hajalifunga.

"Hukuweka msuguano," alisema kwa sauti ya darasani. "Kuna kisanduku pale kwa migusano, kisipotiwa alama kila kitu kinateleza. Hii mdomo haikuwa iteremshe hata hindi moja. Ilihitaji kuinuliwa nyuma."

Akina mama waliguna kwa heshima. Kwa pumzi moja au mbili Wakoli alijisikia Injinia tena.

Mzee Gicheru alikuwa ameegemea pikapu. Akajitoa pale, akaja polepole, hakupandisha sauti. "Wakoli. Hiyo ulijua lini?"

Wakoli akaukunja mdomo wa gunia, akaukunjua.

"Nauliza tu. Alhamisi alikuletea. Ulifungua?"

"Nilifungua, Mzee."

"Ukaona?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Wakoli alikuwa bado amepiga magoti, kwa hiyo hakuwa na safari ndefu. Alitazama chini. Nyaruai alimtazama yeye, na Wakoli alihisi macho yale utosini kwake. Alingoja msichana apige kelele. Alitamani apige kelele, amtukane, aonyeshe ubaya wowote alio nao, ili wawe sawa.

Nyaruai akageuka. "Mama Nabwile, kuna matofali?" Yakaletwa. Akina mama wakasaidiana na Kemboi kuinua miguu ya nyuma, wakaweka matofali mawili kila upande, na Nyaruai akapima mteremko kwa jicho, akaongeza moja. Injini ikawashwa. Akamwaga beseni la pili, akilazimika sasa kusimama kwa ncha za vidole, na mahindi yakashuka, punje zikamiminika kwenye gunia la Wakoli mpaka likamlemea mikono. Vigelegele vilipigwa. Walikubaliana kwamba mashine itarudi Kitale, mdomo uinuliwe na pipa lote lishushwe chini ili kimo kibaki kile kile. Wazo hilo la kushusha pipa Nyaruai alilitoa papo hapo, akifuta jasho, na Wakoli alilisikia, akajua ni zuri, na hata katika hali ile likamchoma.

Walipokuwa wakifunga mashine kwenye pikapu, Mzee alisema bila kumtazama mtu, "Bungoma ataenda Nyaruai."

"Nitaenda," Nyaruai akasema. "Lakini niende na yeye."

"Na huyu?" Mzee akashangaa. "Huyu aliyekuuza?"

"Anajua vitu mimi sijui, Mzee. Na hawezi kunificha tena, si nishajua anafichaga." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na watoto wake wako hapa karibu, Kabuchai. Wewe ulijua hawa watoto wanamwona mara moja kwa mwezi?"

Wakoli alikuwa amemwambia Nyaruai hayo zamani, siku za kumfundisha, na akasahau kwamba alisema. Mzee akakohoa, akaingia garini. Hakukataa.

Hivyo ndivyo Wakoli alivyorudi kwao. Alipata kila alichokitaka, kulala kwake, kula kwa mkewe, kukaripia watoto wake, na alikipata mkononi mwa mtu ambaye yeye mwenyewe alimkusudia mabaya. Kila asubuhi alifungua karakana ya Bungoma kwa ufunguo aliopewa na Nyaruai. Alimfundisha kile kisanduku na vyote vilivyobaki, na alipomaliza hakuwa na kitu tena cha kumficha.

Kwa Edinah alisema tu kwamba wamehamishwa wote wawili. Edinah, kwa furaha ya kupata mume wa kila siku, alisema lazima wamkaribishe huyo bosi, na Jumapili moja akachinja jogoo. Nyaruai akaja na mkate na majani ya chai, akabeba mtoto wa mwisho, akapiga magoti kuwanawisha watu mikono kabla ya ugali kama aliyezaliwa Kabuchai. Edinah akamwekea Wakoli firigisi kwenye sahani, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba, na asiyejua maana angejua kwa jinsi alivyoisogeza.

"Mimi nakushukuru sana, mwanangu," Edinah akamwambia mgeni. "Huyu mzee wangu kila mara alikuwa anakutaja. Ati alikufundisha kila kitu. Ni kweli, ama ni kujisifu tu?"

Wakoli aliacha kutafuna. Mkono wa Nyaruai ulikuwa umefika kwenye mboga, nao ukasimama kidogo. Hakumtazama Wakoli hata mara moja.

"Ni kweli, mama Joy," akasema. "Hakuninyima."

Edinah akacheka kwa fahari, akamwongezea supu. Wakoli akaisogeza ile firigisi ukingoni mwa sahani. Zamani alimwonea msichana huyu wivu wa akili, na akili mtu anaweza kujitetea kwamba mwenzake amezaliwa nayo. Sasa alikuwa amekaa mezani kwake mwenyewe, mkewe akimshukuru mtu mwingine, na alikuwa anamwonea wivu wa roho.